Nguruwe na Joto la Jua

Mji wa Butembo uko juu milimani, zaidi ya metre 1,700 kupita bahari. Asubuhi kuna baridi na ukungu. Beni iko chini zaidi, karibu na msitu mkubwa, na huko jua ni kali. Njia kati ya miji hii ni kilometre zaidi ya 50 tu, lakini nguruwe anayetelemshwa toka Butembo mpaka Beni anaona tofauti kubwa.

Mtu akilima juani, jasho linamtoka. Jasho likikauka, linachukua joto, na mwili unapoa. Nguruwe hatoi jasho la kutosha kumpoza. Tena mafuta yaliyo chini ya ngozi yake yanazuia joto lisitoke. Kwa hiyo anajilaza matopeni. Watu husema: «Nguruwe anapenda uchafu.» Sivyo. Akiwa na nafasi, huenda choo mbali na mahali anapolala. Katika matope anatafuta maji tu. Maji hayo yakikauka juu ya ngozi, yanafanya kazi ya jasho.

Nguruwe aliyeshikwa na joto anahema upesi upesi na kukataa chakula. Jike anyonyeshaye akikosa kula, maziwa yanapunguka na watoto wanakonda. Joto likizidi, nguruwe mnene aweza kufa siku ile ile, na feza ya masomo ya watoto imepotea.

Mfugaji mwenye akili hufanya hivi:

1. Kivuli. Hujenga kibanda chini ya miti. Akiezeka mabati, huweka nyasi juu yake. Kuta hazifiki juu, ili upepo upite.

2. Maji. Jike anyonyeshaye aweza kunywa litre 20 na zaidi kwa siku. Chombo chake ni kizito, asikipindue, nacho hukaa kivulini.

3. Chakula. Tumbo likifanya kazi, mwili unapata moto. Basi nguruwe hulishwa mapema asubuhi, tena jioni.

4. Safari. Hampeleki nguruwe sokoni saa sita ya mchana, bali alfajiri.

Nguruwe akizidiwa na joto, asikimbizwe wala kupigwa. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji polepole, kuanzia miguu. Lakini watoto waliozaliwa sasa hivi wasimwagiwe maji. Wao wanaogopa baridi: watandikiwe majani makavu pembeni.

Wengine huwafungulia nguruwe waende mtoni wenyewe. Ni hatari. Huko wanakutana na nguruwe wa wengine na kuleta homa ya nguruwe, isiyo na dawa ya kuiponya. Afazali kuchota maji na kuyaleta kibandani. Na nguruwe anayehema hata usiku wa baridi haugui jua. Atengwe na wenzake, na mganga wa wanyama aitwe upesi.

Maulizo
1. Kwa nini nguruwe anatafuta matope?
2. Nguruwe alishwe saa gani siku za joto?
3. Kwa nini nguruwe wasiachwe kwenda mtoni?