Hedi Inapogonga Stika ya Wanwei

Kigari cha hedi kinapita, unasikia mlio mkavu kama ukucha unaokwaruza kadi, kisha unaona mstari wa wino mchafu juu ya picha iliyokuwa safi. Hapo hedi, yaani kichwa cha kuprintia, imegonga. Kwenye stika ya kawaida tatizo hili ni la nadra. Kwenye wanwei, ile stika ya matundu inayobandikwa vioo vya nyuma vya daladala na milango ya maduka ya simu pale Kariakoo, Dar es Salaam, kila fundi wa printa kubwa amekutana nalo, na wengi hulitibu kwa dawa moja tu: kupandisha hedi. Nashauri hiyo iwe dawa ya mwisho. Tazama kwanza imegonga wapi, kwa sababu mahali ilipogonga ndipo panapokuonyesha chanzo.

Lakini kabla ya uchunguzi, zuia hasara isizidi. Simamisha kazi. Usivute stika wakati hedi bado iko juu yake, maana utausugua uso wenye nozeli kwa kingo za matundu, na kingo hizo ni kali. Kama stika imelala, acha kigari kirudi chenyewe kwenye maegesho. Kama imenyanyuka, zima mtambo, ilaze stika kwa kiganja, halafu usukume kigari taratibu hadi mwisho. Printi kipimo cha nozeli. Mistari michache ikikosekana, safisha kwa utaratibu wa kawaida wa mtambo, subiri kidogo, upime tena. Nyuzi za karatasi zikining'inia pembezoni mwa hedi, ziondoe kwa kijiti cha sponji kilicholowa dawa ya kusafishia inayolingana na wino wako. Kijiti kiguse fremu tu, kisifike kwenye nozeli. Kitambaa kikavu kisisogee karibu na hedi hata siku moja.

Sasa tuielewe stika yenyewe. Juu kuna plastiki nyeupe ya PVC, chini yake weusi unaomwezesha aliye ndani kuona nje, kisha gundi, kisha karatasi ya mgongoni. Matundu hutobolewa kiwandani, mengi yana kipenyo cha milimita 1.5 hivi, na kwa jumla huondoa asilimia 30 hadi 50 ya eneo la stika. Kinachobaki ni wavu mlegevu. Ukiipasha moto, PVC inatanuka, wakati karatasi inapoteza unyevu na kusinyaa. Vitu viwili vilivyogandishwa pamoja vinavutana kila kimoja upande wake, na pale wavu unaposhindwa, stika inavimba. Feni ya kunyonya chini ya meza ndiyo ingeilaza, lakini kuna aina zilizotobolewa mpaka karatasi ya nyuma, na kwa hizo hewa inapita kwenye matundu bila kuishika stika. Kuna aina nyingine zenye karatasi ya pili isiyo na tundu. Hizo ni ghali kidogo, na mimi ningezinunua kila mara: zinashikwa na feni, na wino haudondoki kwenye meza.

Turudi kwenye alama. Hedi ikigonga kwenye kingo tu, kushoto au kulia, basi kingo zimejikunja. Mara nyingi chanzo ni unyevu au wino mwingi. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na rola iliyoachwa bila mfuko wake inaunywa kuanzia kwenye kingo. Irudishe kwenye nailoni kila unapomaliza kazi, ining'inize au uilaze juu ya vishikio vyake vya pembeni, wala usiisimamishe sakafuni. Ikitoka stoo, iache kwenye chumba cha printa tangu siku moja kabla ya kazi. Kwenye mtambo, tumia vibanio vya pembeni, na uache nafasi tupu ya kutosha kila upande ili picha isiingie chini ya kibanio. Hakikisha pia kibanio chenyewe kimelala barabara, kwa sababu kikiinuka kitaigonga hedi vibaya kuliko stika.

Kuhusu wino: mafundi wengi wanaprinti wanwei kwa profaili ya stika ya kawaida. Wino wa solventi hulainisha PVC, na wanwei ina PVC kidogo ya kuubeba. Picha nyeusi au nyekundu iliyojaa hadi ukingoni itaukunja ukingo huo mbele ya macho yako. Punguza kiwango cha wino kwenye programu ya RIP na uongeze idadi ya pasi, yaani mapito ya hedi, ili kila pasi iweke kidogo. Kazi itachelewa, lakini itatoka.

Hedi ikigonga katikati, na stika ikawa na mawimbi yanayofuata urefu wa rola, mtuhumiwa wa kwanza ni joto. Shusha hita ya mbele na ya mezani kwa nyuzi 3 hadi 5 kila mara, uprinti kipande kifupi, utazame. Kama ulikuwa kwenye nyuzi 45, huenda 38 zikatosha. Jambo la kulinda hapa ni ukavu: wino ukibaki wa kunata, ongeza muda kati ya pasi badala ya kurudisha joto. Ziba pia kwa karatasi yale matundu ya meza yaliyobaki wazi nje ya upana wa stika, ili nguvu yote ya feni ielekee chini ya stika. Karatasi hiyo ibandikwe kwa utepe mwembamba na ilale kabisa.

Mawimbi ya katikati yana chanzo kingine kisichosemwa sana, nacho ni magurudumu ya kubana. Yakikaza sana yanaukandamiza wavu kwenye mistari yake na kuisukuma nyama ya katikati ijae. Kama mtambo wako unaruhusu kulegeza, legeza ya katikati. Na usiache wanwei imebanwa usiku kucha. Asubuhi utakuta mikunjo pale palipokuwa na magurudumu, na mikunjo hiyo ndiyo hedi itakayoigonga kwanza.

Ikigonga mwanzoni mwa kazi tu, tatizo ni ncha. Ncha ya rola hukatwa kwa kisu cha mkononi, ikabaki imepinda au ina vipande vya matundu vilivyonyanyuka. Ikate upya kwa rula, punguza pembe zake mbili kwa mshazari, kisha ivute mbele mpaka uzito wake uning'inie kabla ya kuanza kuprinti. Ikigonga baada ya mtambo kusimama kidogo, ujue kile kipande kilichokaa juu ya hita kimevimba. Kisogeze mbele sentimita 15 au 20, ndipo uendelee. Na ikigonga upande mmoja tu kadiri kazi inavyosonga, stika iliingia kombo. Itoe na uipange upya, kwa kuwa marekebisho mengine yote hayatasaidia hapo. Angalia pia mtambo wa kukunjia: ukivuta kwa nguvu, wavu unarefuka upande mmoja na kukuletea kombo jipya.

Kuna hatari moja ambayo sisi wa huku tunaijua zaidi: umeme kukatika katikati ya kazi. Kigari kimebaki juu ya stika, hita zimepoa, stika imejikunja, na umeme ukirudi kigari kinarudi maegeshoni kikiburuta hedi juu ya mikunjo. Washa mtambo baada ya kufungua kifuniko na kuilaza stika, si kabla. Kama una betri ya akiba, itumie kwa printa kwanza, taa zisubiri.

Kila unapobadilisha kitu, kagua kabla ya kuprinti. Inama macho yako yawe usawa wa meza, weka tochi ya simu upande wa pili, iangaze kwa ulalo. Kila wimbi litatupa kivuli chake, nawe utaona kama kilele kinafika karibu na fremu ya hedi. Ukaguzi huu ni wa dakika moja, na hedi moja ni mamilioni ya shilingi.

Ukishafanya haya na bado inagusa, sasa pandisha hedi. Mitambo mingi ina nafasi ya chini ya milimita 1.5 hadi 2 na ya juu inayofika karibu 3. Fahamu unacholipia: tone la wino linasafiri mbali zaidi, linatawanyika, na hedi ikienda na kurudi mistari haikutani. Rudia upangaji wa pande mbili kwa urefu huo mpya, au printi upande mmoja. Picha ya mchezaji nyuma ya basi itavumilia ukungu kidogo. Namba ya simu ya mteja haitavumilia.

Jaribio la mwisho ni kuweka stika ya kawaida kwa mipangilio hiyohiyo. Ikipita salama na wanwei ikaendelea kugonga, huenda rola yenyewe ni mbovu. Irudishe dukani pamoja na kipande kilichovimba, na udai nyingine kabla hujaprinti mita ya pili.