Safari ya Baiskeli Skandinavia: Mpita Njia Hulala Wapi?

Katika toleo hili nimeonelea tujifunze kuhusu safari ambayo wengi wetu tungeiita wazimu: mtu mmoja, baiskeli moja na hema moja, kutoka Denmaki kupitia Uswidi hadi ncha ya kaskazini ya Norwe. Nchi hizo tatu ndizo Skandinavia. Kila kiangazi wako watu wanaoifanya safari hii, tena baadhi yao ni wanawake walio peke yao.

Tuanze na baiskeli yenyewe. Mimi huja shuleni kila siku kwa Black Mamba ya baba, na nimeyahesabu meno yake: mbele 44, nyuma 18. Ukigawanya 44 kwa 18 unapata 2.44. Yaani ukizungusha kanyagio mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na karibu nusu. Mzingo wa gurudumu ni kama mita 2.2, basi unasonga mita 5.4 hivi. Kwenye tambarare ni raha tupu. Kwenye mlima, shuka usukume!

Baiskeli ya msafiri ina gia nyingi. Akikuta mlima mkali huhamisha mnyororo hadi, tuseme, meno 22 mbele na 34 nyuma. Kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1, mzunguko mmoja unampa mita 1.36 tu. Ni mwendo wa kinyonga, lakini anapanda akiwa amekaa kitini, pamoja na hema, mfuko wa kulalia, jiko dogo la gesi, sufuria, pampu, tyubu za akiba na viraka. Mzigo huo haubebwi mgongoni. Hutiwa katika mifuko inayoning'inia pande mbili za keria ili uzito ukae chini na baiskeli isiyumbe. (Wauza maziwa wa kwetu wanalijua hilo, tazama wanavyofunga mitungi yao.)

Denmaki haisumbui miguu, kwani mahali pa juu kabisa hapafiki hata mita 200 juu ya usawa wa bahari. Taabu ni kuvuka maji. Daraja la Øresund, lililofunguliwa mwaka wa 2000 kati ya Copenhagen na Malmö, ni la magari na treni, baiskeli haziruhusiwi. Basi msafiri hupakia baiskeli yake kwenye treni, au huenda Helsingør akavuka kwa feri hadi Helsingborg, dakika 20 hivi. Huko Norwe nako kuna mahandaki yanayokataza baiskeli, kama lile la Lærdal lenye urefu wa kilomita 24.5. Wengi hupenda barabara nambari 17 ya pwani, kutoka Steinkjer hadi Bodø, zaidi ya kilomita 600, ambapo njia hukatizwa na bahari na mtu hupanda feri mara sita.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilipomwomba baba ruhusa ya kwenda kwa nyanya kwa baiskeli, kilomita 70, hakuwa na neno kuhusu miguu yangu wala kuhusu breki. Aliuliza swali moja tu: "Giza likikukuta njiani, utalala kwa nani?" Sikuwa na jibu. Huku kwetu ukipiga hema katika shamba la mtu bila kubisha hodi, ati wewe ni mwizi. Na ukiwa msichana utaitwa mengine mabaya zaidi.

Kumbe Waswidi na Wanorwe wamelijibu swali hilo kwa sheria! Waswidi wana kitu wanachokiita allemansrätten, ambacho tangu miaka ya 1990 kimetajwa hata katika katiba yao. Norwe ilipitisha sheria yake mwaka wa 1957. Mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, anaweza kupita na kulala katika msitu au nyika hata kama ardhi ina mwenyewe. Norwe inaeleza wazi: hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa, usiingie kwenye shamba lililolimwa, na usikae mahali pamoja zaidi ya siku mbili bila idhini, isipokuwa mlimani au mbali sana na watu. Nilipoisoma nilicheka, kwa maana wahenga wetu walinena mapema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Denmaki haina haki pana namna hiyo. Huko hulali ila palipotengwa au palipo na ruhusa.

Hata giza lenyewe linapungua. Kwa sababu dunia imeinama nyuzi 23.5, ukivuka mzingo wa Aktiki utakuta majira ambayo jua halituwi. Huko Nordkapp, nyuzi 71 kaskazini, jua huonekana usiku kucha kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Lakini msidhani ni lelemama. Upepo ni mkali, mvua ni baridi, na mbu ni wengi ajabu, ingawa hawaambukizi malaria. Ili kufika Nordkapp lazima upite handaki la karibu kilomita 7 linaloshuka mita 212 chini ya usawa wa bahari, kisha upande tena. Hapo ndipo yale meno 22 kwa 34 yanapohitajika.

Rafiki yangu mmoja alisema sheria hiyo haiwezekani kwetu. Ana hoja: Norwe ina watu karibu milioni tano na nusu, nasi katika sensa ya 2019 tulipita milioni 47. Nyika tupu ya kulala kilomita 70 kati yetu na kwa nyanya iko wapi? Hata hivyo, sioni idadi ya watu ikieleza kwa nini msichana aitwe majina.

Limebaki suala la lugha. Allemansrätten tuiiteje kwa Kiswahili? "Haki ya kila mtu" ni tafsiri ya moja kwa moja, lakini haionyeshi njia wala hema. Mimi napendekeza "haki ya mpita njia". Katibu wetu anashikilia "haki ya nyika". Mwenye neno bora alitumbukize katika sanduku la chama, karibu na maktaba, kabla ya muhula kufungwa.