Kulala Hemani Peke Yako: Kujikinga na Hewa Mbaya na Wezi

Vijana wengi wa chama chetu cha Skauti wameniuliza kama mtu aweza kulala porini peke yake katika mkoa wetu wa Mara asipate madhara. Wengine wana baiskeli tayari, na wanaweka akiba ya kununua hema, wakingoja kumaliza Kidato cha Sita ili wapate kuitembelea nchi yao. Swali lao ni la haki, nalo lataka jibu kamili. Tena si swali la wenye mahema tu. Wako watu wengi walalao nje kwa sababu ya kazi: mvuvi katika kambi ya mwaloni, mchungaji aliyefuata malisho mbali, na mlinzi wa shamba juu ya dungu lake. Wote hao wana maadui wawili wale wale, hewa mbaya na watu wabaya.

Kabla sijaendelea, wazazi wasiwe na wasiwasi. Mwanafunzi hapaswi kulala nje peke yake. Baden-Powell alipofanya kambi yake ya kwanza na wavulana katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa katika makundi madogo, kila kundi na kiongozi wake, na desturi hiyo Skauti wanaifuata hata leo. Haya ninayoandika ni ya mtu mzima. Lakini afadhali kijana ayajue mapema, kwa maana siku ya kuyahitaji hakuna mwalimu wa kumwuliza.

Nitaeleza kwa kufuata njia ninayoijua, ambayo nimeitembea mara kadhaa wakati wa likizo nikiwa na hema langu: kutoka Musoma hadi Butiama, na kutoka Butiama hadi Bunda. Kila mahali pana somo lake. Na katika masomo yote matatu mtaona neno moja likirudi: mtu aweza kulala peke yake, lakini asiwe mtu asiyejulikana.

MUSOMA: ZIWA NA UPEPO WAKE

Ziwa Viktoria lina eneo la karibu kilometa za mraba 68,800. Maji mengi namna hiyo hujitengenezea hewa yake yenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa ya ziwani huja kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana alasiri pale Musoma twaona upepo ukitoka ziwani. Hewa ile yenye unyevu hukutana na vilima na hewa nyingine, hupanda, na mawingu ya ngurumo huanza kujengeka juu ya nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mawingu hujengeka juu ya maji. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwani hutokea kati ya usiku wa manane na asubuhi, wakati mtu wa hemani amelala fofofo.

Yatupasa kujifunza nini hapo? Kwanza, anga lenye nyota saa mbili usiku si ahadi ya usiku mwema. Pili, tazama dalili. Wingu refu lenye kichwa kilichotandaa kama fuawe la mhunzi ni wingu la radi. Upepo wa baridi ukivuma ghafula baada ya hewa nzito, mvua haiko mbali. Una dakika chache tu za kujiweka tayari. Na ukiona taa za wavuvi wa dagaa zinarudi mwaloni mapema kuliko kawaida, usiwacheke. Wameona jambo.

Tatu, chagua mahali. Usipige hema ufukweni karibu na maji, hata pakiwa na mchanga mzuri. Mawimbi ya usiku hupanda, viboko hutoka majini kwenda kula majani, na mamba wapo. Wala ziwa halikai mahali pamoja mwaka hata mwaka: mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipanda sana hata yakaingia katika nyumba na mialo mingi kandokando ya ziwa. Usipige hema katika korongo kavu vilevile. Mvua yaweza kunyesha vilimani mbali, na maji yakakufikia wewe ambaye kwako hakuna hata tone. Epuka pia mti wenye matawi makavu. Chagua mahali palipoinuka kidogo, pasipo kilele, na mlango wa hema usielekee upepo. Vigingi uvipigie chini kwa kuvilaza nje ya hema, na kamba uzikaze kabla ya giza.

Nne, uliza habari za hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila siku, pamoja na habari za Ziwa Viktoria, na hatari inapokuja hutoa maonyo kwa daraja: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Redio au simu yatosha kuyapata. Miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, na ya vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Siku ya onyo usilale hemani, omba nyumba.

BUTIAMA: VILIMA NA RADI

Njia ya Musoma na Butiama ina historia yake. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alipelekwa kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, mbali na kwao mwendo wa karibu kilometa 40. Na mwezi wa Oktoba 1967, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hakwenda peke yake. Watu walifuatana naye. Leo amelala Mwitongo, kijijini kwake, kati ya mawe makubwa na miti.

Nchi hii ya vilima na mawe hupendeza macho, na mgeni hutamani kupiga hema juu ya mwamba ili aone mbali. Asifanye hivyo. Radi hupenda kitu kilichoinuka kuliko vyote vilivyo karibu, nacho kinaweza kuwa mti, mwamba, au mtu aliyesimama.

Hesabu ni hii. Mwanga wa radi hufika machoni mara moja, lakini sauti husafiri kilometa moja kwa muda wa karibu sekunde tatu. Ukiona mwanga, anza kuhesabu. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilometa 10, nayo yaweza kukupata. Ondoka hemani uingie mahali pa salama, na usitoke mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho.

Mahali pa salama ni wapi? Hema si kinga ya radi, hata kidogo. Kibanda cha nyasi, dungu la shambani na kibanda cha bati kisicho na kuta havifai. Mahali pazuri ni nyumba kubwa imara yenye kinga ya radi, au gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa. Nyumba imara isiyo na kinga ya radi ni bora kuliko nje, lakini ukiwa ndani kaa mbali na milango, kuta, mabomba na nyaya. Msidhani nasema kwa kuwatisha. Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, radi iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu wao wakiwa shuleni. Na mwezi wa Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, pia Uganda, watu 14 waliuawa na radi wakiwa wamekusanyika katika jengo la mabati kwa ibada. Paa peke yake si kinga.

Ikiwa huna nyumba wala gari, shuka kutoka kilimani, toka majini, jitenge na mti ulio peke yake, uzio wa waya na baiskeli yako. Chuchumaa mahali pa chini, miguu pamoja, usilale kifudifudi. Hii si salama. Ni afadhali tu. Ndiyo sababu nasema upige hema mahali ambapo waweza kufika nyumba imara kwa dakika chache, na mwenye nyumba awe anakujua, asije akakufungia mlango kwa hofu.

Kuna imani mbili za kuondoa. Ya kwanza ni kwamba nguo nyekundu huita radi. Rangi ya nguo si neno. Neno ni mahali uliposimama. Ya pili ni ya hatari zaidi, kwamba aliyepigwa na radi asiguswe. Mwili wake hauna umeme. Mguse mara moja. Kama hapumui na moyo umesimama, mkandamize kifua katikati kwa nguvu na haraka, huku mwingine akitafuta msaada. Wengi hufa kwa kuogopwa, hali wangeweza kupona.

BUNDA: NG'OMBE, WEZI NA WENYEJI

Bunda iko katika barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na upande wa mashariki vijiji vyake vinapakana na Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Ndani ya hifadhi hakuna kulala ila kwa kibali na mahali palipowekwa. Nje ya hifadhi napo tembo hawasomi vibao. Huingia mashambani usiku. Basi usiweke hema karibu na mahindi mabivu, wala usilale na chakula chenye harufu.

Lakini somo kubwa la Bunda ni la watu. Mkoa wetu umeteseka kwa wizi wa ng'ombe tangu zamani. Ng'ombe wakiibwa, yowe hupigwa, na watu hufuata nyayo usiku kucha. Wakifika penye kichaka na kumkuta kijana asiyejulikana, ana tochi na begi, watafikiri nini? Mzee mmoja wa upande wa Bunda nilimwamkia, nikamwuliza kama naweza kulala karibu na malambo. Aliniitikia akasema, "Mwanangu, ukilala pale bila sisi kujua, mwizi atakuona wewe, na sisi tutakuona wewe ndiye mwizi." Sijapata kusikia somo lililofupishwa vizuri kuliko hilo. Wengi hudhani usalama wa mtu peke yake ni kujificha. Hapa kwetu kujificha kwaweza kumwua.

Kwa hiyo fanya hivi. Fika kijijini kabla ya saa kumi na moja jioni. Nenda ofisi ya kijiji, kwa mtendaji au mwenyekiti, uamkie, utoe kitambulisho, useme unatoka wapi, unakwenda wapi, na utaondoka lini. Omba kuandikwa katika kitabu cha wageni. Omba waambiwe pia sungusungu. Walinzi hao walianza Usukumani na Unyamwezini mapema katika miaka ya 1980, wakaenea mikoa mingi, na mwaka 1989 sheria iliwatambua. Kisha omba upige hema uani kwa mtu, au karibu na shule, kanisa au msikiti. Ukiambiwa ulale ndani, kubali kwa shukrani. Hema litangoja kesho.

Usipige hema katika njia ya ng'ombe, wala kando ya barabara kuu ambapo kila apitaye huliona. Usihesabu fedha mbele za watu, na za simu usizitoe penye msongamano. Mtu mliyekutana njiani usimweleze utalala wapi. Mweleze mtendaji, na mtu mmoja wa nyumbani ambaye utampigia kila jioni na kila asubuhi. Usiku ukisikia ng'ombe wakiswagwa, zima tochi, nyamaza, usiwafuate. Wapigie simu wenyeji wako au polisi kwa namba 112. Mwizi akikujia ana panga, mpe atakacho. Hema hununuliwa tena.

Na juu ya yowe, tumia kwa uangalifu. Ukishambuliwa piga, watu watakuja. Lakini usilitupe neno "mwizi" kwa mtu kwa kushuku tu. Umati wenye hasira hauulizi maswali, na roho ikitoka hairudishwi. Aliyekamatwa apelekwe polisi, hata kama kosa lake ni dhahiri.

MANENO YA KUKUMBUKA

Hesabu 30 za radi na dakika 30 za kungoja. Hema si kinga ya radi. Kaa mbali na ufuko, korongo na kilele. Fika mapema, sema jina lako, uandikwe. Mali itoke, uhai ubaki.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami naona katika safari za hema mgeni naye hupona kwa mwenyeji, iwe mvua ya radi au mwizi wa usiku.

MASWALI

1. Kwa nini dhoruba nyingi za Ziwa Viktoria hutokea usiku, na za nchi kavu alasiri?
2. Umeona mwanga wa radi, ukahesabu sekunde 12 ndipo ukasikia ngurumo. Radi iko umbali gani? Utafanya nini?
3. Chora ramani ya kijiji chenu. Onyesha mahali pawili panapofaa kupiga hema na mahali patatu pasipofaa, na ueleze sababu.
4. Waulize wazazi wako: mgeni akifika kijijini jioni, yampasa kuonana na nani kwanza? Andika jibu lao kwa ukurasa mmoja.