Dondoo muhimu: Anika pilipili mpaka ivunjike
Pilipili kichaa ya bustanini mara nyingi huharibikia kwenye kopo, na chanzo ni unyevu. Ganda linaweza kukauka huku kikonyo na ule utando mweupe wa ndani bado vina maji. Ukifunika, ukungu huota na huenda ukaacha sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Kwa hiyo zipasue, uzianike kwenye kichanja, si chini, mpaka zivunjike ukizikunja. Wapo wanaohofia kwamba jua huua ukali. Rangi hufifia kweli, na kivuli chenye upepo huilinda, lakini ukali mwingi hubaki kwenye utando, kuliko hata kwenye mbegu. Ukali huo huyeyuka kwenye mafuta, si majini: unapopika, zikaange na kitunguu kabla ya kutia nyanya.