Tovuti Yako ya Kwanza: Kuchagua Programu Bila Kupoteza Kazi

Kijitabu cha elimu kwa wafanyabiashara, vikundi na vijana wa Shinyanga na Geita

Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zilizotoka mwaka 2018 zinaitaka migodi kutanguliza bidhaa na huduma za Watanzania. Kwa watu wanaoishi jirani na Geita Gold Mine, Bulyanhulu au mgodi wa almasi wa Mwadui, hapo kuna soko la mboga, sare za kazi, vipuri, usafiri, ulinzi na chakula. Ofisa manunuzi akisikia jina la kampuni asiyoifahamu, atalitafuta mtandaoni. Akikuta ukurasa wenye picha za kazi zilizokwisha kufanyika, mahali ofisi ilipo na namba ya simu inayopokelewa, ana pa kuanzia. Asipokuta kitu, anahamia jina linalofuata.

Kijitabu hiki ni cha mtu ambaye hajawahi kutengeneza tovuti na sasa anataka kuijenga yake, au ya kikundi chake, kwa mikono yake.

Anza na maswali ya wateja

Wengi wanaoanza huuliza kwanza ni programu gani nzuri. Swali hilo halijibiki mpaka ujue tovuti itasema nini na itasomwa na nani. Chukua mama mwenye duka la vipuri vya karasha pale Katoro. Mteja wake yuko Rwamgasa au Nyarugusu, karasha limesimama, mawe yamerundikana na vijana wamekaa wanasubiri. Anachotaka kujua ni kama nyundo na mikanda ipo, bei ni kiasi gani, duka linafungwa saa ngapi, na kama mzigo unaweza kupakiwa leo hii kwenye bodaboda au gari la abiria. Majibu yote hayo yanaenea ukurasa mmoja. Mama huyu hahitaji programu yenye vitufe visivyohesabika. Anahitaji ile itakayomruhusu kubadilisha bei mwenyewe jioni, akishafunga hesabu, bila kumpigia fundi.

Kwa hiyo shika kalamu uandike maswali ambayo wateja wako hukupigia simu kuuliza kila siku. Hayo ndiyo maudhui ya tovuti yako. Programu isiyokuwezesha kuyaweka na kuyabadilisha kwa urahisi iache, hata kama mapambo yake yanavutia.

Simu, kompyuta na bando

Kwa vijana wengi wa huku, intaneti yote iko kwenye simu. Si kikwazo, ila inapunguza uchaguzi. Huduma za kutengenezea tovuti kama WordPress.com, Wix na Canva zina programu za simu, na Blogger hufunguka kwenye kivinjari cha simu. Google Sites ni ya bure na haikuwekei matangazo, lakini kazi ya kuitengeneza inataka kompyuta. Asiye na kompyuta anaweza kuandaa maneno na picha zake nyumbani, kisha akakodi muda kwenye stationari.

Mwenye kompyuta, hata ya zamani, ana njia nyingine tunayoithamini sana: kujifunza HTML, lugha ambayo kurasa zote za mtandao zimeandikwa kwayo. Programu za kuiandikia kama Notepad++ na Visual Studio Code ni za bure, na ukishazipakua hazihitaji bando. Unaandika, unahifadhi faili kwa jina index.html, unalifungua kwenye kivinjari na kuona kazi yako bila intaneti yoyote. Kijana anayetaka kuifanya hii iwe ajira yake aanzie hapa, kwa sababu anayeijua HTML hujifunza programu nyingine kwa urahisi zaidi. Dreamweaver, programu nyingine ya kazi hiyo iliyopo tangu 1997, bado inauzwa, lakini inalipiwa kila mwezi na mwanzoni hutapata kwayo kitu ambacho hizo za bure hazina.

Bando la msomaji nalo ni lako kulilinda. Picha moja ya simu ya siku hizi yaweza kufika MB 4. Weka picha kumi za namna hiyo kwenye ukurasa na mteja atalazimika kupakua MB 40 ili tu aone bei ya mkanda. Mtandao ukiwa hafifu ataufunga ukurasa kabla haujafunguka. Pitisha picha hizo kwenye Squoosh, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari, uzishushe hadi KB 150 kila moja. Kumi zote zitakuwa MB 1.5, na kwenye kioo cha simu mteja hataona tofauti. Kabla hujaitangaza tovuti, ifungue kwa simu ya bei nafuu kuliko zote mnazomiliki nyumbani, ukiwa mahali penye mtandao wa kusuasua.

Duara ndani ya leseni ya mtu

Hapa ndipo wanaoanza hupoteza kazi yao, na ndiyo sababu kubwa ya kuandikwa kwa kijitabu hiki. Mchimbaji mdogo anajua maana ya kuchimba duara ndani ya leseni ya mtu mwingine. Hata ukiufikia mwamba wenye dhahabu, mwenye leseni ndiye mwenye neno la mwisho. Tovuti nyingi za bure ziko hivyo hivyo.

Mfano upo wa karibuni. Google iliwahi kuwapa wafanyabiashara tovuti ndogo za bure zilizotokana na wasifu wa biashara zao kwenye ramani, anwani zake zikiishia na business.site. Machi 2024 ilizifunga zote. Kwa muda mfupi, hadi Juni 10 mwaka huo, aliyefungua anwani hizo alipelekwa kwenye wasifu wa biashara, kisha njia ikakatika kabisa. Aliyekuwa amechapisha anwani hiyo kwenye kadi, risiti na bango la duka alibaki na maandishi yasiyofika popote. Yahoo nayo iliifunga GeoCities mwaka 2009, ikiwa na kurasa za mamilioni ya watu. Kampuni kubwa haikuhakikishii kwamba huduma yake ya bure itadumu.

Basi jiulize mambo mawili kabla ya kujiandikisha popote. Je, anwani ya tovuti ni yangu? Na siku nikitaka kuhama, nitatoka na nini?

Anwani ni yako pale unaposajili domeni, yaani jina la tovuti yako. Kwa biashara chukua .co.tz, kwa kikundi au taasisi .or.tz, kwa shule .sc.tz. Zinasajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na hulipiwa kila mwaka. Ukiwa na domeni, programu ikifa unaihamishia tovuti kwingine na mteja anakupata kwa jina lile lile. Blogger na Google Sites hukuruhusu kuunganisha domeni yako bila kuilipa Google chochote. Malunde 1 Blog, inayoandikwa Shinyanga na kusomwa nchi nzima, ilitoka kwenye anwani ya bure ya Blogger (blogspot) ikaja kuwa na jina lake, malunde.com. WordPress.com na Wix hutaka ulipie kifurushi kwanza.

Katika suala la kuhama, tofauti ni kubwa zaidi. Blogger na WordPress hukupa faili lenye maandishi yako yote, ukalibeba. Wix yenyewe inaeleza kwamba tovuti iliyojengwa kwake haiwezi kuhamishiwa kwingine. Ni rahisi na inapendeza, lakini siku ya kuondoka utaanza upya.

WordPress inawachanganya wengi kwa sababu ziko mbili. WordPress.com ni huduma ya kampuni, inakuhifadhia tovuti kwa masharti yake. WordPress inayopatikana WordPress.org ni programu huria iliyotoka Mei 2003, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Programu ni bure, unacholipia ni hostingi, yaani mahali pa kuihifadhi tovuti mtandaoni, na wapo watoa huduma wa hapa nchini wanaopokea malipo kwa simu, kwa shilingi. Inataka matunzo: isasishe mara kwa mara na usijaze plagini (programu ndogo za nyongeza), maana wadukuzi hupitia zile zilizosahaulika.

Kwa maoni yetu, mwenye duka na simu tu aanze na Blogger pamoja na domeni yake. Kampuni inayowania zabuni za migodi iende moja kwa moja kwenye WordPress ya kujihifadhia, ile ya WordPress.org.

Sheria

Ukiweka fomu ya kukusanya majina na namba za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inakuhusu. Usiombe taarifa usizozihitaji. Ukitaka kurusha habari na matukio, waone TCRA kwanza kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni. Na dhahabu haiuzwi kwa tovuti. Huuzwa kwenye masoko ya madini, kama lile la Geita lililozinduliwa 2019. Tovuti inayotangaza kilo za dhahabu kwa wageni itakuweka kundi moja na matapeli waliojaa mtandaoni, hata kama wewe ni mkweli.

Ukimtumia fundi

Hakuna ubaya kumlipa kijana akutengenezee. Ila domeni isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, siyo ya fundi, maana anayepokea barua za msajili ndiye anayeshika anwani. Siku ya makabidhiano kaeni pamoja, akuonyeshe unavyoingia kwenye domeni, kwenye hostingi na kwenye programu yenyewe. Badilisha maneno yote ya siri yeye akiwepo, kisha ubadilishe bei moja kwa mkono wako na uone kama inatokea kwenye simu. Ikitokea, mmalizie salio lake.