Tone Moja Linatosha Jicho

Matone ya presha ya macho, yaani glakoma, yana shida moja: hayakupi nafuu unayoweza kuihisi. Mara nyingi hakuna maumivu ya kutuliza, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Kazi yake ni kushusha presha ili mshipa wa fahamu wa jicho usizidi kuharibika. Basi mgonjwa akimaliza chupa ya kwanza bila kuona tofauti, anaacha. Usiache mpaka daktari akuambie.

Kuyatia nako kuna ufundi wake. Nawa mikono kwa sabuni. Kaa uinue kidevu, au lala chali. Vuta kope ya chini kwa kidole hadi ifanye kimfuko, tazama juu, udondoshe tone moja humo. Mdomo wa chupa usiguse jicho wala kope. Kama mkono unatetemeka, uegemeze kwenye paji la uso. Tone likianguka shavuni, rudia, likiingia, basi. Jicho halina nafasi hata ya tone zima, kwa hiyo la pili linamwagika tu, na chupa ikiisha mapema gharama ni yako.

Hatua inayofuata ndiyo wengi wanairuka. Fumba jicho taratibu bila kulikaza, kisha bonyeza kwa kidole kona iliyo upande wa pua kwa dakika 2 hivi. Hapo ndipo machozi yanapopita kuteremkia puani na kooni, ndiyo maana wengine huonja uchungu wa dawa. Usipopaziba, dawa inakimbilia kwenye damu. Kwa timolol, mojawapo ya matone haya, hilo si dogo: inaweza kumbana kifua mwenye pumu na kupunguza kasi ya moyo. Kama una pumu au ugonjwa wa moyo, sema kabla hujaandikiwa dawa, hata kama hujaulizwa.

Ukiwa na dawa mbili, acha dakika 5 katikati, la sivyo ya pili itaiosha ya kwanza. Latanoprost, tone jingine la glakoma, hutiwa mara moja kwa siku, kwa kawaida usiku. Ukiisahau, usitie mara mbili kesho yake. Inaweza kurefusha nywele za kope na kuyafanya macho yawe mekundu kidogo. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua, na baada ya wiki 4 itupe hata kama imebaki.

Anayefunga Ramadhani na ana wasiwasi na matone ya mchana asiache dawa mwezi mzima. Amwombe daktari ampangie saa za baada ya kufuturu na wakati wa daku.

Macho yakiwasha, usikimbilie matone yoyote ya duka la dawa. Yenye dexamethasone au prednisolone yanaweza kuipandisha presha hiyohiyo unayoishusha. Mwambie muuzaji una glakoma. Na ndugu zako wa tumbo moja pamoja na watoto wako, wahimize wakapimwe macho, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika familia.