BONDE LA YARRA NA WAGENI WAKE

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ni kwamba mgeni ajapo huleta heri nyumbani. Lakini mwenyeji mwenye busara hupenda pia kujua mgeni wake ametoka wapi, na nyayo za viatu vyake zimechukua nini. Ukidhani kwamba neno hili ni mzaha, soma habari za Bonde la Yarra.

Twaa ramani ya dunia, uitafute nchi ya Australia. Katika pembe ya kusini-mashariki utauona mji wa Melbourne, ambao una watu zaidi ya milioni 5. Mto upitao katika mji huo huitwa Yarra. Mtu akitoka mjini kwa motokaa kuelekea mashariki, kwa muda wa saa moja hivi atafika penye bonde pana la majani mabichi, lililozungukwa na vilima. Karibu yake viko vilima vya Dandenong, na kilele chake kina kimo cha mita 633. Huko Desemba ni wakati wa joto, na Juni ni wakati wa baridi. Bonde halina joto kali kama sehemu nyingine za nchi, kwa hiyo zabibu huiva polepole, na jambo hili huzipa ladha njema. Huchumwa tangu Februari hata Aprili.

Wenyeji wa kwanza wa bonde ni watu wa kabila la Wurundjeri, nao huuita mto ule Birrarung. Wazungu walipoitwaa nchi, wenyeji walibakiwa na mahali padogo. Mwaka 1863 walikaa Coranderrk, karibu na mji wa Healesville, wakalima kwa bidii hata mazao yao yakasifiwa. Mzee wao William Barak alikwenda Melbourne kwa miguu pamoja na wenzake, kuwaomba wakubwa wa serikali wasiwanyang'anye mahali hapo. Barak alifariki mwaka 1903, na mwaka 1924 makao yale yakafungwa. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 20, sehemu ndogo ya ardhi ile ilirudishwa kwa wazao wao.

Mizabibu ya kwanza ilipandwa bondeni mwaka 1838 na ndugu wa jamaa ya Ryrie, waliokuja na ng'ombe zao, wakafanya makao yao Yering. Baadaye wakaja watu kutoka Uswisi, wenye ujuzi wa kutengeneza divai, wakaongeza mashamba. Divai ya Yering ilipata tuzo kuu katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1889. Hata hivyo sifa haikuizuia hasara. Miaka ya 1890 fedha ziliadimika, na watu wakapenda zaidi divai kali na tamu za sehemu zenye joto. Wakulima wakaona kwamba maziwa yana faida kuliko zabibu, wakaing'oa mizabibu, wakalisha ng'ombe. Katika miaka ya 1920 kazi ya divai bondeni ilikuwa imekoma. Ilipita miaka 40 hivi kabla watu hawajaanza kupanda tena.

Siku hizi bonde lina mashamba mengi ya mizabibu, na wageni huja kila juma. Wenye mashamba wamejenga vyumba ambamo wageni huonja divai kidogo kidogo kabla ya kununua. Divai ni kinywaji cha watu wazima, na sheria ya huko hukataza kumwuzia mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Lakini si divai tu iwavutayo wageni. Alfajiri wengine hupanda kapu lililofungwa chini ya mfuko mkubwa wa kitambaa. Moto hutia joto hewa iliyo ndani ya mfuko, nayo hewa ya moto, kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa baridi, huuinua mfuko pamoja na watu. Basi hulitazama bonde kama ndege alitazamavyo. Wengine huenda Healesville penye hifadhi ya wanyama, iliyofunguliwa mwaka 1934 juu ya sehemu ya ardhi ya Coranderrk. Hapo, mwaka 1943, mnyama aitwaye platipasi alizaliwa mikononi mwa wanadamu kwa mara ya kwanza. Mnyama huyu ana mdomo kama wa bata, hutaga mayai, na tena hunyonyesha watoto wake.

Katika vilima vya Dandenong kuna gari la moshi dogo liitwalo Puffing Billy. Reli yake ilifunguliwa mwaka 1900 kwa faida ya wakulima wa vilimani, nayo ina upana wa futi 2 na inchi 6 tu. Mwaka 1953 ardhi iliporomoka ikaifunika reli, na mwaka uliofuata ikafungwa. Lakini watu walioipenda walijitolea kuitengeneza bila mshahara, na tangu mwaka 1962 gari hilo limechukua wageni tena kati ya miti mirefu ya mikalitusi. Siku ambazo serikali imekataza moto, gari huvutwa na mtambo wa dizeli, si wa mvuke, maana cheche moja ya bomba yaweza kuuteketeza msitu. Watu wa huko hawalisahau jambo hilo. Tarehe 7 Februari 2009 moto wa misitu uliua watu 173 katika jimbo lao, ukafika hata bondeni.

Sasa turudi kwenye viatu vya mgeni. Yuko mdudu mdogo sana, hata hafikii milimita 2, aitwaye filoksera. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Huishi katika mizizi ya mzabibu, akiufyonza mpaka unadhoofika na kufa. Katika karne ya 19 aliangamiza mashamba mengi ya Ufaransa, na mwaka 1877 alionekana karibu na Geelong, katika jimbo lile lile la Melbourne. Serikali ikaamuru mizabibu ya Geelong ing'olewe. Bonde la Yarra lilisalimika muda mrefu. Lakini mwaka 2006 mdudu huyo alionekana humo.

Hakuna dawa ya kumwondoa shambani. Mkulima hulazimika kung'oa mizabibu yake na kupanda mingine, ambayo mashina yake ni ya mizabibu ya Amerika, yenye mizizi iwezayo kumvumilia mdudu, na matawi ya zabibu njema yamepandikizwa juu yake. Kazi hiyo hugharimu fedha nyingi, na mazao hukawia miaka.

Mdudu huyu husafiri kwa udongo ulioshika jembe, gurudumu, au kiatu cha mtu. Kwa sababu hiyo wageni huombwa wasitembee kati ya mizabibu bila ruhusa, na aliyeruhusiwa husafisha viatu vyake kwanza. Mgeni asiyejua aweza kukasirika, akisema, "Nimelipa fedha yangu, mbona nazuiwa?" Mgeni mwenye adabu hufahamu kwamba fedha yake haitoshi kulipia shamba lililokufa.

Basi, bonde hupata riziki kwa wageni, na wageni hupata furaha kwa bonde. Heri hiyo itadumu ikiwa kila mmoja atalinda cha mwenzake.

MASWALI

1. Kwa nini zabibu za Bonde la Yarra huiva polepole?
2. William Barak alikwenda Melbourne kwa shauri gani?
3. Kwa nini wakulima waliacha mizabibu wakalisha ng'ombe?
4. Eleza jinsi mfuko wa hewa ya moto unavyopaa.
5. Mgeni anaulizwa kusafisha viatu vyake, naye anakataa. Ungemjibu nini?